Kilo Tatu za Mwenye Mizani

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, husema watu. Watu hao hawajawahi kupanda ndege ndogo. Ndani ya ndege ndogo mzigo wa mwenzio ndio unaokuzamisha, na kanda la usufi likiandikwa vibaya daftarini linaweza kumuua baba mtu saa moja na nusu asubuhi, mbele ya macho ya wanawe.

Hivyo ndivyo alivyokufa Mzee, siku kumi zilizopita. Kila mwaka, majani yakishakauka, Mzee alikuwa akiipakia familia yake kwenye ndege yenye maboya chini badala ya magurudumu, wakatue kwenye ziwa lisilofikiwa na barabara yoyote, wawinde na kuvua kwa siku sita. Mwaka huu mzigo ulikuwa mwingi, kwa hiyo safari ya kurudi ikagawanywa mara mbili. Awamu ya kwanza alikwenda Mzee na mifuko ishirini na miwili ya nyama, usukani ukiwa mikononi mwa bintiye kitinda mimba, rubani mwenye leseni. Ndege iliteleza majini, ikainuka kivivu, ikashindwa kuipita miti ya ng'ambo. Mzee alifia pale pale. Binti alitoka na mkono uliovunjika, na kabla mkono haujafungwa plasta, kaka yake mkubwa alikuwa ameshamwita muuaji mbele ya manesi. Naye alimjibu hapo hapo kitandani: "Niliandika namba ulizonisomea wewe. Kama kuna uongo, ni wako, mwongo mkubwa wewe."

Familia nzima ililikumbuka jibu hilo kuliko ilivyoikumbuka ajali.

Mpelelezi aliyepewa jalada aliitwa Kupe na kituo kizima, maana aking'ata haachii mpaka ashibe. Jina lilitolewa kwa kejeli; yeye akalipokea kama cheo. Asubuhi hiyo alikuwa ndani ya chumba cha baridi cha bucha, amevaa koti la kuazima lililomfika magotini, simu ikiwa sikioni.

"Inspekta," alisema Mkuu wa kituo, "familia inakutana saa sita kwenye banda lao la ndege. Binti atasaini barua ya kukiri uzembe na kuomba radhi, ndugu zake watasema wamemsamehe, sisi tutafunga jalada. Uko wapi?"

"Napima nyama, mkuu."

"Unapima nini?"

"Nyama."

Mkuu alivuta pumzi. "Watu wameshasameheana. Wewe unatafuta nini?"

"Akisaini, kesho bodi itachukua leseni yake na hataiona tena mpaka anazikwa. Halafu mwendesha mashtaka ataichukua barua hiyo hiyo amfunge nayo. Hiyo si barua ya radhi, mkuu. Ni kamba, na wanamtaka aifunge fundo mwenyewe."

"Una hadi saa sita. Ikipita dakika moja, unaandika maelezo ya kwa nini usirudishwe masjala."

"Zimebaki saa mbili na nusu," alisema Kupe. "Zinanitosha, na chenji inabaki."

Akakata simu kabla hajakatiwa.

Mwenye bucha, mtu mnene aliyekuwa akipenda kucheka, alikuwa akimsubiri kando ya mizani yake ya duka. Sakafuni kulikuwa na mifuko tisa iliyoganda. Ndiyo iliyobaki kambini ikisubiri awamu ya pili. Helikopta ya uokoaji iliirudisha pamoja na watu, na Kupe akaifungia humu siku hiyo hiyo kwa lakiri ya polisi. Mifuko yote thelathini na mmoja, iliyopakiwa na iliyobaki, ilikuwa imepimwa kambini asubuhi ile kwa mizani moja. Daftari la Rubani lilikutwa mfukoni mwake, limelowa lakini linasomeka, maana penseli haiogopi maji.

"Namba ishirini na tatu," alisema Kupe. "Daftari linasema kilo kumi na tano."

"Hapa kumi na nane."

"Ishirini na nne. Kumi na tatu."

"Kumi na sita."

"Ishirini na tano. Kumi na saba."

"Ishirini kamili." Mwenye bucha alicheka. "Rubani wenu alikuwa na sikio bovu au penseli mbovu?"

Walipofika mfuko wa sita alikuwa ameacha kucheka. Wa tisa ulipoteremshwa, alijifuta mikono kwenye aproni bila sababu.

"Inaweza kuwa barafu?" Kupe aliuliza.

"Barafu ingeongeza nusu kilo huku, robo kule. Haigawi tatu tatu kila mfuko kama mtu anayegawa karata. Na nyama hukauka, Afande. Ikishakufa hainenepi tena."

Kupe aliandika neno lile kama lilivyotoka. Kisha akaenda kwenye rafu ya juu, akashusha samaki wawili wazima, wagumu kama mbao. Kila mmoja alikuwa na kikaratasi kilichofungwa mkiani, mwandiko wa Mzee. Familia ile ilishindana samaki kila mwaka, na Mzee alikuwa mwamuzi asiyekatiwa rufaa na mtu.

Kikaratasi cha kwanza: *Mkubwa. Siku ya kwanza. Kilo tisa. Mshindi.*

Cha pili: *Kitinda. Siku ya nne. Kilo nane na nusu. Wa pili.*

Mwenye bucha alimweka wa Mkubwa kwenye mizani. Mshale ulisimama kwenye tisa. Akamweka wa Kitinda. Mshale ukapita tisa, ukapita kumi, ukatulia kwenye kumi na moja na nusu.

"Huyu wa pili kaonewa," alisema. "Hata kwa macho tu kaonewa. Hakuna aliyeona?"

"Mwenye sheria zake huamini sheria zake kuliko macho," Kupe alijibu. Alifunga daftari. Siku ya kwanza mizani ya kambini ilisema kweli. Siku ya nne ikasema uongo, na siku ya sita, asubuhi ya kurudi, ilikuwa bado inasema uongo ule ule kwa kipimo kile kile. Kitu kinachoharibika chenyewe hakiharibiki kwa adabu namna hiyo.

* * *

Banda la ndege lilikuwa la mabati, na utepe wa polisi ulikuwa mlangoni tangu siku ya pili baada ya ajali. Fundi wa ndege alikuwa ameketi nje juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono mapajani, kama mtu aliyekwishavaa pingu akilini.

"Umekuja kunichukua," alisema.

"Nani kakwambia?"

"Mkubwa anazunguka mji mzima akisema nilitia mafuta yenye maji. Mke wangu kaulizwa sokoni."

Ni kweli kwamba Mkubwa ndiye aliyesema hivyo kwanza. Siku ya ajali, kabla hajaulizwa, alimwambia Kupe: angalieni mafuta. Kupe akayaangalia mafuta kwa siku saba nzima, akamhoji Fundi mara tatu, akamnyang'anya hata chupa zake za sampuli. Siku saba zile zilimuuma sasa.

"Majibu ya maabara yametoka jana," alisema. "Mafuta yako ni safi kuliko maji tunayokunywa kituoni. Simama, baba, unifungulie mlango. Nimekupotezea siku saba, lakini si kwa nia mbaya."

Fundi alisimama, akapangusa suruali, akasahau kufurahi. Wakaingia na ndoo yake.

Mizani ilikuwa ikining'inia kwenye boriti mahali pake pa miaka yote, karibu na jiko la chai: sahani ya duara kama saa kubwa, kioo kilichokwaruzika, ndoano chini. Helikopta iliirudisha na mizigo mingine ya kambini, na Fundi aliitundika kwa mazoea saa chache kabla ya utepe kufungwa.

"Nieleze kama unamweleza mtoto," alisema Kupe.

"Unatundika kitu, mshale unazunguka. Nyuma kuna skrubu ya kuuweka mshale kwenye sifuri. Ukiikaza kupita kiasi, mshale unataka kurudi nyuma ya sifuri."

"Nao unarudi?"

"Haurudi. Kuna kipini hapa, unakiona? Kinauzuia. Utauona umelala kwenye sifuri, mtulivu kabisa, kumbe nyuma umebanwa."

"Kwa hiyo mizani tupu inaonekana nzima."

"Tupu, ndiyo. Uongo wake unauona ukiipa kazi."

Kupe alizunguka nyuma ya mizani bila kuigusa. Kichwa cha skrubu kilikuwa na kutu nzee, na juu ya kutu mkwaruzo mmoja mpya, unaong'aa.

"Nani huishika bisibisi yake?"

"Mwenye mizani. Ndiyo sheria ya Mzee: aliyeshinda samaki mwaka jana ndiye mwenye mizani mwaka huu. Yeye anasoma, rubani anaandika. Mwingine akiigusa, Mzee anamfokea mpaka anatafuta pa kujificha." Fundi alikuna kidevu. "Na mwenye mizani wa mwaka huu ameshaiulizia, ujue. Mara tatu. Anasema anaitaka kwa kumbukumbu ya baba yake."

"Bunduki ya Mzee kaiulizia?"

"Hapana."

"Ndoano zake? Koti lake?"

"Mizani tu."

Kupe alitazama saa. Ilikuwa imebaki nusu saa. Akavuka barabara mpaka dukani, akarudi na pakiti mbili za sukari, za kilo mbili mbili, hazijafunguliwa, kila moja imefungwa kamba.

"Tunapika chai?" Fundi aliuliza.

"Tunapika," alisema Kupe.

* * *

Walifika saa sita kasoro dakika tano, wakaingia kwa kufuatana kama watu wanaokwenda kuoga maji ya baridi. Mbele alikuwa Shangazi, dada wa marehemu, mama mfupi aliyeachiwa neno la mwisho la ukoo tangu kaka yake azikwe. Nyuma yake Mkubwa, shati limepigwa pasi, bahasha mkononi. Mwisho Rubani, mkono wa kushoto ndani ya plasta, macho yamekauka.

Mkubwa aliitandika barua juu ya meza ya Fundi na kuweka kalamu juu yake. Aliona mizani. Aliona pia kwamba Kupe amemwona akiiona.

"Afande, hili ni jambo la kifamilia."

"Ndiyo maana nimekuja na sukari," alisema Kupe. "Endeleeni, mimi nipo tu."

Shangazi alimgeukia Rubani. "Mwanangu, saini tuyamalize. Neno samahani halichubui mdomo."

"Halichubui, shangazi. Lakini hiyo barua inasema nilizidisha mzigo kwa uzembe. Sikuzidisha. Nilijumlisha mara mbili, nikabakiza nafasi ya kilo kumi."

"Ndege imeanguka, mdogo wangu," Mkubwa alisema kwa sauti laini. "Kilo kumi zako zilikwenda wapi? Mimi sikutaki ubaya. Mkubwa ni jalala, nitabeba. Wewe kiri tu."

"Jalala zuri sana," alisema Kupe. "Kabla hajasaini, mkubwa, nisaidie jambo dogo. Mwenye mizani mwaka huu ni nani?"

"Mimi."

"Mtu mwingine anaruhusiwa kuigusa?"

"Baba hakuruhusu."

"Mimi aliwahi kunichapa mkono," Shangazi alidakia, "dada yake wa tumbo moja, nilitaka kupima maharage tu."

"Basi sitaki kuivunja sheria ya marehemu. Mwenye mizani, nitundikie hii sukari unisomee."

Mkubwa aliitazama sukari bila kuishika.

"Mbona unaitazama hivyo?" Shangazi aliuliza. "Ni sukari, haing'ati."

Mkubwa alichukua pakiti ya kwanza kwa kamba yake, akaitundika kwenye ndoano. Mshale haukutikisika.

"Soma," alisema Kupe.

"Sifuri."

"Kilo mbili za sukari?" Shangazi alisogea mpaka pua ikakaribia kioo. "Zimekwenda wapi?"

"Ongeza ya pili."

Akaongeza. Mshale ulijivuta kama mtu aliyeamshwa mapema, ukasimama.

"Moja," alisema Mkubwa.

"Kilo nne zinasomeka moja. Fundi, zimeliwa ngapi?"

"Tatu, Afande."

"Imeharibika kwenye ajali," Mkubwa alisema haraka.

"Haikuwa ndani ya ndege. Ilibaki kambini pamoja nawe. Na mifuko tisa iliyopimwa kabla ya ajali nimeipima upya leo. Kila mmoja umezidi daftari kwa kilo tatu."

"Basi iliharibika zamani! Baba hakuwahi kuifanyia matengenezo."

"Siku ya kwanza ilikuwa nzima. Samaki wako ana kilo tisa kambini, na kilo tisa bucha." Kupe alitoa vikaratasi viwili, akavilaza juu ya barua, kimoja kimoja. "Wa mdogo wako alivuliwa siku ya nne, saa ngapi?"

Rubani ndiye aliyejibu, polepole. "Mchana. Tukamfunga kamba akae majini mpaka jioni. Samaki hupimwa jioni, watu wote wakiwepo."

"Toka mchana mpaka jioni, muda wa kutosha kukaza skrubu. Jioni mizani ikasema nane na nusu. Leo bucha amepimwa kumi na moja na nusu."

Rubani alikitazama kikaratasi chenye mwandiko wa baba yake. "Nilijua ni mkubwa kuliko wake," alisema. "Nilimbeba kwa mikono yangu. Baba akaniambia, asiyekubali kushindwa si mshindani. Nikanyamaza, nikakubali."

"Mkwaruzo wa bisibisi ni mpya," Kupe alimwambia Mkubwa. "Na bisibisi unayo wewe."

Mkubwa alikaa kwenye ndoo ya Fundi. Shati lililopigwa pasi lilijikunja lote kwa mara moja.

"Kilo tatu tu," alisema. "Za samaki! Ndege kapewa yeye. Usukani kapewa yeye. Mimi kifungua mimba nakaa kiti cha nyuma na mabegi. Samaki tu ndiye aliyekuwa amebaki wangu. Kilo tatu, Afande, nani anakufa kwa kilo tatu?"

"Asubuhi ya kurudi ulijua mizani bado imekazwa?"

"Nilitaka kuirudisha. Niliamka mapema kwa ajili hiyo. Nikamkuta baba ameshasimama pale pale, na kikombe chake, anasema tuanze kabla jua halijawa kali. Ningetoaje bisibisi mbele yake?"

"Kwa hiyo ukasoma."

"Nikasoma."

"Mara thelathini na moja."

Mkubwa aliinamisha uso.

"Ulidanganya mara moja," alisema Kupe. "Mizani ikaendelea peke yake. Rubani, mifuko iliyopakiwa ilikuwa mingapi?"

"Ishirini na miwili." Midomo yake ilihesabu. "Sitini na sita. Mungu wangu. Sitini na sita."

"Toa zile kumi ulizobakiza. Ulizidi hamsini na sita, bila upepo wa kukusaidia, na miti mbele. Ni kama mtu mzima wa tatu aliingia ndege ile na hakuna aliyemwona akifunga mkanda." Kupe aliiondoa sukari kwenye ndoano, mshale ukarudi kwenye sifuri yake, mtulivu. "Na baada ya hapo, mkubwa, ulikuwa na siku kumi za kusema. Ukasema mafuta. Ukasema mdogo wako. Kosa la samaki ningeweza kulielewa. Hili la barua ulikaa chini ukaliandika."

Alimwambia Mkubwa asimame. Hakumfunga pingu, Fundi ndiye aliyemshika kiwiko, bila nguvu, kama anavyoshikwa mgonjwa.

"Ngojeni kwanza," alisema Shangazi. Alikuwa ameshika meza kwa mikono miwili. Machozi yalimtoka bila sauti, lakini ukoo ulikuwa bado mabegani mwake na hakujua pa kuutua. "Ngojeni. Atakwenda polisi, sawa. Sheria ni sheria. Lakini hawa ni watoto wa kaka yangu, na wamebaki wao tu. Binti, siku ile hospitali ulimwita mkubwa wako mwongo mbele ya manesi na wageni. Watu wanalisema mpaka leo. Mwombe radhi kwa hilo neno moja, yeye naye akuombe, mtoke hapa mkiwa ndugu."

Mkubwa aliinua uso, na kwa mara ya kwanza siku ile alionekana kutaka kitu kwa dhati. "Nisamehe, mdogo wangu," alisema.

Wote wakamgeukia Rubani. Kupe naye aliangalia, na hakusaidia.

Rubani alichukua barua kwa mkono wake mzima. Hakuichana. Aliigeuza upande mweupe, akavipanga juu yake vile vikaratasi viwili vya baba yake, akaichukua kalamu, na kwenye kile cha samaki wake akaikata *nane na nusu*, akaandika pembeni: *kumi na moja na nusu*. Akaikata pia *wa pili*. Kisha akaifunika kalamu na kumrudishia kaka yake.

"Siku kumi nimemwomba baba radhi," alisema. "Nikiamka, nikilala, nikinywa dawa. Kwa kosa ambalo halikuwa langu. Radhi zangu zimekwisha, shangazi."

"Neno moja tu, mwanangu. Mkubwa wako ni mkubwa wako."

"Nilimwita mwongo, na ni mwongo."

"Kwa heshima yangu, basi. Mimi."

Rubani aliinamisha kichwa mbele ya shangazi yake kama alivyofunzwa tangu mtoto, akakiinua.

"Nakuheshimu, shangazi," alisema. "Siombi radhi."